Naomba ushauri: gharama ya kuruti mmoja wa KAR

Wadau wa historia, naomba ushauri. Nahesabu gharama ya kumwandikisha na kumfunza askari mmoja wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, kikosi cha 3, kati ya 1912 na 1925, kwa majalada yaliyo kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa hapa Moi Avenue, Nairobi.

Kinachovuruga kwanza ni fedha. Kabla ya 1920 pauni moja ilikuwa rupia 15 kwa kiwango rasmi. Mwaka huo rupia ikapandishwa hadi shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni, kisha shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia. Ukigeuza yote kuwa pauni, askari anaonekana kapanda bei kwa nusu nzima ilhali mshahara wake wa rupia haukusogea! Je, nibaki na rupia hadi mwisho?

Pili, mgawanyo. Posho, sare, blanketi na mshahara wa kuruti ni rahisi. Lakini waliokataliwa na daktari na waliotoroka kabla ya kuhitimu walikwisha kula na kuvaa, kwa hiyo nagawanya jumla kwa waliohitimu pekee. Bunduki hudumu miaka mingi, nayo naitoza sehemu tu.

Maafisa wa Kiingereza ndio wananitatiza: walifunza makuruti na bado waliongoza doria. Mishahara yao niigawe kwa miezi ya mafunzo, au kwa idadi ya makuruti?

Wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha kubebea jeshi mizigo, nimewaacha nje. Hesabu yao ni nyingine.