Chaki imegandia kwenye mashine ya kukereza: nyundo, mafuta au moto?

Mkerezaji_Tabora
Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ya kukereza mbao, nimeinunua ikiwa imeshatumika. Shafti ni M33 (nyuzi za milimita 33), chaki, yaani kile kishikio cha kubania mti, ni ya meno manne, na haitoki. Ilikaa stoo masika yote kabla haijafika kwangu. Huku mtaani nimepewa ushauri wa aina tatu: niigonge, niimwagie dizeli ilale nayo, au niipashe moto. Ipi haitaniulia beringi? Kuna mabakuli ya mninga yananisubiri na nataka kufunga ile sahani ya skrubu badala ya chaki.

Fundi_Ujiji
Kabla ya yote matatu, chomoa umeme ukutani, kisha pangusa shingo ya chaki uikague kote. Chaki nyingi, hasa za mashine zinazozunguka pande zote mbili, zina kaskrubu ka alenkii ka kuifungia kwenye shafti. Watu wanatoka jasho kumbe kenyewe kamejificha chini ya unga wa mbao.

Seremala_Nzega
Shikamoo mzee. Hapo umemaliza nusu ya kesi.

Mimi nipo upande wa nyundo. Chaki ikizunguka na patasi ikanasa ghafla kwenye mti, inajikaza yenyewe mpaka mgongo wake unabana bega la shafti. Mbano wa namna hiyo hautaki kuvutwa polepole, unataka mshtuko. Shika shafti kwa spana pale palipochongwa bapa. Usitegemee ile pini ya kugawia duara inayozuia shafti isizunguke, haikutengenezwa kubeba kipigo. Ikikatika utakuwa na matatizo mawili. Fungua meno, laza chuma bapa kirefu katikati, bana kisawasawa, kiache kielekee tumboni kwako. Piga kwenda chini. Nyuzi ni za kawaida, kwa hiyo sehemu ya juu ya chaki inakuja kwako. Pigo fupi kali, si kuning'inia.

MamaMbao
Na chuma kiwe cha maana. Naona vijana wanachomeka ufunguo wa chaki na kuugonga. Ule unashika gia ndogo ya ndani. Gia ikisagika, meno hayafungi tena hata chaki ikitoka salama. Spana ya bomba nayo inatafuna mwili wa chaki, na ikiteleza inahamia kwenye vidole.

Karakana_Kigoma
Nzega, umesema kweli kwa chaki iliyonaswa kazini. Ya huyu ndugu imelala masika stoo, hiyo ni kutu. Sisi wa kando ya ziwa tunaijua. Kutu unaianza kwa mafuta: yapitishe pale chaki inapokutana na bega, gonga kuzunguka kwa nyundo ya mpira ili yapenye, acha mpaka kesho, rudia. Dizeli inafaa ila ni mvivu. Ile dawa ya kopo ya kulegezea nati ni bora zaidi. Asubuhi ndiyo ufuate nyundo ya Nzega.

Mkerezaji_Tabora
Kaskrubu hakapo, nimeangalia. Na moto je? Jirani ana mtungi wa gesi na bana yake, ananisihi sana.

Fundi_Ujiji
Mwambie akapikie maharage. Umeshaweka dizeli, karakana imejaa vumbi la mbao, halafu ulete mwali? Joto linasaidia kwa sababu chaki inatanuka kabla shafti haijapata moto, lakini muda ni mfupi sana. Ukichelewa, joto linafika kwenye beringi, grisi inayeyuka na mpira wa kuzibia unakakamaa. Kama ni lazima, futa mafuta yote kwanza, utumie hita ya upepo kwenye mwili wa chaki tu, na uwe umeshafunga chuma tayari kugonga. Mimi naiweka ya mwisho.

Mkerezaji_Tabora
Imetoka! Mafuta ya kopo, ikalala nayo, leo chuma bapa na nyundo. Nyuzi zina kutu kweli, ila hazijaliwa. Isigandie tena nifanyeje?

Seremala_Nzega
Brashi ya waya, kisha nta ya nyuki kidogo kwenye nyuzi. Ukiwa Tabora hiyo huna haja ya kuitafuta mbali. Mafuta mengi yatarushwa kwenye mninga wako na kuacha madoa. Pia kata washa, yaani pete bapa ya plastiki, kwenye dumu la mafuta ya kula, ikae kati ya chaki na bega.

Karakana_Kigoma
Washa siiungi mkono. Chaki inanyooka kwa sababu chuma kimekaa juu ya chuma. Ukiweka plastiki, bakuli linaanza kuyumba.

Seremala_Nzega
Linayumba ukikata pale dumu lilipojikunja. Kata ubavuni, palipo sawa. Kwa mabakuli hutaona tofauti. Akitaka kukereza kitu cha kuingiliana, kama kifuniko cha kopo, aitoe.

Karakana_Kigoma
Hapo sawa.