Familia ya Nyanya, Majengo

Jumatano

Halima 18:41
Assalaam aleikum nyote. Ile kanda ya harusi ya 1994 imeshahamishwa kwenye flashi, dakika 94, na sauti imetoka safi. Nataka DVD 12 kabla ya Jumapili. Mashine mpya ya kuchomea nimeshanunua Luthuli, 2,500 kutoka mfukoni mwangu. Kesho Juma aifunge kwenye kompyuta ya Babu.

Halima 18:58
Mbona kimya? Watu 11 wamesoma.

Zuhura 19:20
👍🏽

Swaleh 19:26
Kompyuta ya Babu bado iko hai? Ile iliyokuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga unga?

Nuru 19:27
Ikiwaka, taa za ploti nzima zinafifia 😂😂

Swaleh 19:27
Mama Rehema akigonga ukuta, "zimeni hiyo posho mill"

Halima 19:30
Jamani, siku ni nne tu.

Juma 20:05
Da Halima, hebu piga picha nyuma ya hiyo mashine, pale waya zinapochomekwa.

Halima 20:11
📷 Picha

Juma 20:14
Ndiyo niliyoogopa. Hiyo ni ya SATA, tundu jembamba lenye umbo la L. Kompyuta ya Babu ni ya 2002, ndani inatumia IDE, ule waya mpana bapa kama utepe. SATA imekuja sokoni 2003. Haziingiliani.

Halima 20:15
Kijana wa dukani alisema inaingia kompyuta yoyote!!

Juma 20:19
Hakuuliza ni ya mwaka gani. Vidude vya kugeuza vipo, ila utahitaji cha data na cha umeme pia. Irudishe wakubadilishie ya nje, ya USB.

Halima 20:20
Sawa, kesho asubuhi niko huko. Basi tumemaliza?

Juma 20:27
Bado. Tundu za USB za kompyuta hiyo zikiwa 1.1, zinapitisha megabiti 12 kwa sekunde. Hiyo kwa kweli ni kama megabaiti moja. DVD kwa mwendo wake wa chini kabisa inataka karibu 1.4. Mashine za siku hizi hujua kusubiri data ikichelewa, lakini ikikubali kuchoma hivyo ni zaidi ya saa nzima kwa diski moja. Mara 12, Da Halima.

Nuru 20:29
Tutakuwa tunachoma mpaka Idd 🤣

Juma 20:31
Zikiwa 2.0 hakuna shida, hiyo ni megabiti 480. Mtu aiwashe tu, aangalie orodha ya vifaa, sehemu ya USB. Akiona neno Enhanced, tuko sawa.

Swaleh 20:33
Si mtume tu video hapa kwa kikundi?

Halima 20:35
Shangazi Mwanaidi ana mulika mwizi. Bi Tatu anajua deki yake tu, hata rimoti ameifunga kwa karatasi ya nailoni isichafuke. Harusi ni ya Shangazi mwenyewe na hajaiona tangu kanda ilipokwama. Pale mwanzo Babu anakohoa, kofia inataka kuanguka, anaishika kwa mkono mmoja, ndipo anasema "wanangu". Nimeirudia mara sita. Wataiona kwenye televisheni, wote pamoja.

Juma 20:41
Na deki haichezi faili la simu, lazima nigeuze iwe DVD ya video. Windows XP ya kompyuta hiyo yenyewe huchoma CD tu, programu ya DVD ninayo. Diski nunua zenye alama ya kutoa, DVD-R, deki kuukuu huzipokea kwa urahisi zaidi.

Juma 20:43
Swaleh, si laptopu yako ina sehemu ya DVD? Tukichoma polepole, 4x, ni robo saa hivi kila moja. Jioni moja tumemaliza.

Swaleh 21:02
Laptopu yangu haitoki nyumbani. Iliyotoka Idd ile ilirudi vipi?

Nuru 21:03
Usianze

Swaleh 21:04
Bawaba imekatika na hadi leo hakuna aliyesema pole.

Halima 21:06
Hilo tulilimaliza mbele ya Ami.

Swaleh 21:06
Mlilimaliza nyinyi.

Nuru 21:08
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Fatma 22:47
Waaleikum salaam. Nimeona sasa hivi. Jumapili chai ni ya saa ngapi?

Alhamisi

Halima 10:32
Dukani wamekataa kurudisha pesa. Watabadilisha, lakini niongeze 800. Namba yangu ya M-Pesa mnayo.

Zuhura 10:50
Nimetuma 200

Halima 11:15
Shukran Zuhura. Wengine? Juma, pitia leo baada ya kazi uifungue hiyo kompyuta uone hizo USB.

Ami Rajabu 11:40
Waaleikum salaam. Nimesoma yote tangu jana. Kompyuta hiyo Babu yenu aliifunga kwa mkono wake na ndani mna mambo yake. Asiiguse mtu mpaka nifike, Jumamosi baada ya alasiri. Swaleh, nipigie.

Halima 12:26
Sawa Ami.

Juma 12:30
Nimesikia Ami. Nilitaka kuangalia USB tu, bisibisi sikukusudia kushika.

Halima 14:05
Juma, ukianza Jumamosi baada ya alasiri utawahi?

Juma 14:20
Zikiwa 2.0, ndiyo, nikikesha. Zikiwa 1.1 hapana.

Swaleh 17:48
Nimeongea na Ami.

Swaleh 17:49
Hizo diski tupu zimeshanunuliwa?

Halima 17:49
Ndiyo, 12 na mbili za akiba. Kwani unaleta laptopu?

Mama Fatma 18:15
Mimi naleta mahamri.

Halima 18:16
Ahsante Mama Fatma. Swaleh?

Halima 19:30
Swaleh, na ile 800 niiongeze au nisiiongeze?