Naomba ushauri: AC ya chumba cha mama

Habari zenu wakuu. Mama amehamia kwangu Tabata, ana presha, na joto hili la Februari halimpi usingizi. Juzi saa nane usiku nimemkuta barazani anajipepea kwa kanga, mgongo umelowa.

Nataka kumfungia AC. Chumba ni futi 12 kwa 12, juu ni bati tupu, dirisha linapigwa na jua la jioni. Fundi mmoja kasema BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya AC kupoza) inatosha, mwingine kakazania 12,000. Ya inverter naielewa: kompresa inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, umeme unaliwa kidogo. Ila bei imechangamka.

Mliofunga, uniti za LUKU zinakwendaje kwa mwezi? Au nianze na dari ya jipsamu kwanza, kuzuia joto la bati?