MREJESHO: Kufilisika Marekani, Chapter 7 (njia ya kuomba mahakama ikufutie madeni)
Wakuu, niliuliza kama nitoe akiba ya uzeeni ya 401(k) nilipe madeni ya kadi kabla ya kwenda mahakamani. Asanteni mlionizuia. Sikuigusa, na msimamizi wa mufilisi naye hakuigusa, sheria inailinda. Shemeji aliyekuwa ananidai pia sikumlipa kwanza, maana malipo kwa ndugu ndani ya mwaka 1 kabla ya kufungua shauri yanaweza kudaiwa yarudishwe. Alininunia kweli! Taarifa za benki zilipekuliwa mstari kwa mstari, hadi hela niliyomtumia mama Tanga.

Madeni ya kadi na hospitali yamefutwa. Mkopo wa chuo umebaki vilevile, na kaka aliyenidhamini kwenye deni jingine sasa anadaiwa yeye. Hilo bado tunahangaika nalo.

Kozi ya ushauri wa mikopo ifanyeni kabla ya kufungua shauri, cheti chake kinatakiwa.