Mgombea udiwani anatetea kiti, kelele ni boma la zahanati, barabara na mikopo. Aanzie wapi kujibu?

Mratibu_Kata:
Wakuu, heshima kwenu. Mgombea wetu anatetea kiti, kata ya vijijini, vijiji vinne, zimebaki wiki tatu. Hoja zinazomwandama ni tatu: boma la zahanati limeishia kwenye lenta na watu wanadai michango yao, barabara ya mnadani haipitiki masika, na vikundi vya akina mama vilikosa mkopo wa halmashauri. Juzi imetoka sauti kwenye magrupu ya WhatsApp, dakika mbili hivi, inasema "amekula hela ya bati". Nusu ya timu inataka ajibu leo usiku, nusu inasema anyamaze aendelee kuomba kura. Wenye uzoefu mnasemaje?

Karani_Mstaafu:
Mkuu, sauti iacheni kwanza. Imepata miguu kwa sababu boma liko pale barabarani, kila anayepita analiona. Jibuni boma.

Hela ya boma huwa ya mifuko miwili na watu wanaichanganya. Wa kwanza ni nguvu za wananchi: michango ya kaya, mchanga, mawe, kusomba maji. Hiyo inakusanywa na serikali ya kijiji kwa stakabadhi, na kamati ya ujenzi ndiyo inayoitumia. Wa pili ni fedha ya umaliziaji kutoka halmashauri au serikali kuu. Diwani haweki saini ya kutoa hela kwenye akaunti ya kijiji. Lakini akisimama jukwaani akasema hivyo tu, atasikika anakwepa. Aende na hesabu.

Kesho asubuhi mtu aende kwa mtendaji wa kijiji aombe kuona taarifa ya mapato na matumizi iliyosomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila miezi mitatu, kwa hiyo kama ulifanyika, muhtasari upo. Aulize pia muhtasari wa kikao cha WDC (kamati ya maendeleo ya kata) kilichojadili boma hilo. Aombe kama mwananchi, kwa barua. Mabaraza ya madiwani yalishavunjwa, mgombea wenu hana tena mamlaka ya kumwagiza mtendaji, na mtendaji akionekana anawabeba mtampa mpinzani hoja ya nne bure.

Kisha hesabu yote iingie nusu ukurasa. Mfano (tarakimu ni za kuonyesha tu): kaya 310, mchango sh 10,000 kila moja. Zilizolipa 214, sawa na sh 2,140,000. Saruji mifuko 60 kwa sh 17,000 ni sh 1,020,000. Nondo 30 kwa sh 24,000 ni sh 720,000. Fundi sh 350,000. Jumla sh 2,090,000, baki sh 50,000. Mtu akisikia hivyo anaona mwenyewe kuwa bati hazikuliwa, hazikuwahi kununuliwa. Pesa iliishia kwenye lenta.

Hesabu isipofunga, msipande nayo jukwaani mkitumaini hakuna atakayejumlisha. Mwalimu mmoja mwenye simu anatosha kuwaumbua. Pengo litajeni nyie kwanza, na mtaje nani alikuwa anashika daftari.

Kisemeo:
Naongezea upande wa jukwaa, maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Mikutano mwisho saa 12 jioni. Kawaida yetu: muziki, wasanii, wenyeviti sita kila mmoja "dakika mbili tu", mgombea anakabidhiwa kipaza sauti saa 11:40. Hawezi kujibu kitu, anaishia kupiga kelele, na swali la boma linarudi naye kijiji cha pili. Mpeni saa 10:15. Dakika 12 aongee, nusu saa maswali. Mshika kipaza sauti awe mtu wenu, amsogezee muulizaji bila kumwachia.

Kijiji chenye boma ndicho kianze. Kama hakimo kwenye ratiba ya wiki hii, badilisheni kupitia msimamizi msaidizi wa kata, msivamie siku ya wenzenu.

Sauti ile msiisambaze hata kwa nia ya kuikanusha. Mgombea arekodi yake, chini ya dakika moja, na asianze na "sijala hela", maana atakuwa amewakumbusha hata ambao hawakuisikia. Aanze na idadi halisi ya kaya zilizolipa mchango. Amalizie na siku na mahali atakaposoma hesabu. Mkitaka kulalamika, kamati ya maadili ngazi ya kata ipo, kwa maandishi, kupitia chama. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 nayo ipo, ila kwa wiki tatu zilizobaki mimi nisingepoteza muda polisi.

Mama_Kikoba:
Mikopo: angalieni tarehe ya maombi kabla ya kufungua mdomo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) ilisitishwa nchi nzima Aprili 2023, ukaja utaratibu mpya 2024. Kikundi kilichokwama hapo katikati kina jibu lake. Kilichoomba 2022 kikanyimwa hakina uhusiano na hilo, kinataka kuelezwa kilikwama kwenye katiba, usajili, akaunti au andiko la mradi. Mkiwapa wote jibu moja, akina mama watawazomea, na watakuwa na haki.

Barabara: kama ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), asiahidi lami. Aende eneo lenyewe apige picha. Mara nyingi barabara ya kilomita 9 inafungwa na mita 150 za tope na kalavati moja lililoziba. Aahidi hizo mita 150: kuziweka kipaumbele WDC na kuzisemea kwenye baraza. Na asithubutu kumwaga vifusi kwa hela yake wiki hii ili kuziba midomo. Takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inawapa TAKUKURU pa kuanzia.

Mratibu_Kata:
Shukrani. Tatizo: mweka hazina wa kamati ya ujenzi ni wa chama pinzani.

Karani_Mstaafu:
Afadhali hivyo. Mwombeni asome daftari, msimwombe amtetee mgombea. Akikataa, mgombea asome mwenyewe na amtaje kuwa aliombwa. Nakala za kugawa zisiwe na nembo ya chama wala picha ya mgombea, na msizibandike ofisi ya kijiji, ile ni ofisi ya umma.