Govan, Glasgow: pana cha kuona kweli?

Nshomile_Safarini
Wakuu, wiki ijayo nitakuwa Glasgow kwa shemeji. Mzee wangu amepanda sana MV Victoria, Bukoba–Mwanza, na siku zote anasema ile meli ni ya Mskochi. Nataka kuona ilikotoka. Shemeji anadai Govan ni uswahilini tu, bora niende Edinburgh nikapige picha ngome. Ni kweli?

MamaClyde
Edinburgh ngome ipo, haikimbii. Mimi nakaa hukuhuku Govan.

Mzee yuko sahihi, ila Victoria si ya Govan. Iliundwa na kampuni ya Yarrow kule Scotstoun, ng'ambo ya mto Clyde, ikasafirishwa vipande vipande na kuungwa Kisumu. Ikaanza kazi 1961.

Govan shuka kwa treni ya chini ya ardhi. Hapo kituoni utakutana na sanamu ya Mary Barbour, aliyeongoza wapangaji kugomea kodi mwaka 1915 wenye nyumba walipopandisha bei katikati ya vita. Kisha kanisa la Govan Old. Ndani kuna mawe ya makaburi 31, yote ya kabla Glasgow haijawa mji wa maana. Usiyapite haraka yale matano makubwa ya zama za Waviking: inama kabisa, utaona vigae vimechongwa safu kwa safu, jiwe zima ni paa la nyumba ya marehemu. Wazungu wengi wanapita hapo bila kuinama, sijui wanakimbilia wapi.

Karibu na kanisa kuna daraja la miguu lililofunguliwa 2024. Ukivuka tu, uko makumbusho ya usafiri ya Riverside, bure, na nje imefungwa Glenlee, meli ya matanga ya 1896.

Fundi_Gati
Ongezea Fairfield, kiwanda cha meli cha hapo Govan. Ofisi za zamani sasa ni makumbusho. Kiwandani kwenyewe huingii, manowari bado zinaundwa mle. Kule Scotstoun nako ni hivyohivyo, mkuu, utaona uzio na majengo.

Nshomile_Safarini
Uzio unatosha, nampigia mzee picha. Na yule mama wa bustani ya Elder Park ni nani?

MamaClyde
Isabella Elder. Mumewe alipofariki 1869 aliendesha kiwanda chake cha meli mwenyewe kwa miezi kadhaa, baadaye akawapa watu wa Govan ile bustani. Iko mkabala na Fairfield, na sanamu yake imo. Beba koti la mvua, hata kama jua linawaka.