Ukipata jabali jipya mbali milimani, utangaze au ukae kimya?

Mleta mada: Wakuu, hoja hii huzungumzwa pembeni tu, kisha kila mtu anakwenda kufanya lake. Mpanda miamba anatembea siku nzima milimani, anavuka mabonde, anakuta jabali ambalo halijawahi kuguswa na kamba. Je, ana haki ya kulificha mpaka amalize kufungua njia zake za kupandia?

Wengi hunyamaza, na sababu naielewa. Kutafuta jabali ni kazi. Asiyewahi kuifanya anadhani ni kusimama chini na kusema "hapa pazuri". Kwanza unatazama mawe yaliyolala chini ya ukuta: yakiwa na nyuso nyeupe, zenye makali, zisizo na ukoga, ujue yameporomoka juzi tu na mengine yanafuata. Unagonga ukuta kwa nyundo. Mwamba mzima unatoa mlio mkali, ule uliobanduka kwa nyuma unalia kama debe. Unaurudia asubuhi na jioni, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaofichua nyufa ambazo saa sita mchana hazionekani kabisa. Unaurudia tena baada ya mvua uone maji yanateremkia wapi. Mtu aliyetoka jasho hivyo hapendi kuona mwingine anakuja kuvuna.

Lakini naona kimya hicho kinamlinda mgunduzi, jabali hakilisaidii kitu. Tundu la kwanza la bolti, kile chuma kinachokazwa mwambani ili kishike kamba, likishatobolewa, kinachobaki ni kubishana juu ya jambo lililokwisha kufanyika. Chukueni Cave Rock, kando ya ziwa Tahoe kule Marekani. Wapandaji walitoboa njia ngumu na maarufu pale, kwenye mwamba ambao kwa Wawasho, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ni mahali patakatifu. Ugomvi ukafika mahakamani, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikakubali kupanda kupigwe marufuku. Bolti zikang'olewa. Kila upande uliumia, na swali lenyewe lingeweza kuulizwa kabla drili haijatolewa mkobani.

Msimamo wangu: wenye eneo na wahifadhi waambiwe kabla ya kutoboa. Wapandaji wengine wanaweza kusubiri. Nawasilisha.

Bolti Kumi: Mkuu, naomba kutofautiana. Unadhani ukipeleka barua ofisini watakushukuru? Jibu jepesi kuliko yote kwa afisa yeyote ni "hapana", maana hapana haimpotezei usingizi. Halafu unaliombea ruhusa jabali ambalo hata wewe hujui kama linafaa. Mengi yanapendeza kwenye darubini, ukifika unakuta jiwe bovu linalobomokea mkononi.

Na mbona umechagua mfano mmoja tu? Devils Tower, mnara wa mwamba Marekani hiyo hiyo, watu walikuwa wanapanda miaka mingi. Mwaka 1995 uongozi wa eneo ukaanza kuwaomba waache kwa hiari mwezi Juni, kwa heshima ya ibada za wenyeji wa asili. Wengi wanaacha. Mazungumzo yalikuja baadaye na yakazaa kitu.

Kamba Fupi: Wengi wanaacha, wachache wanapanda Juni ile ile. Hilo umeliruka.

Mzee wa Nyufa: Nyote mnaanza na drili mkononi. Nani kasema lazima mtoboe? Kwenye miamba ya mchanga ya bonde la Elbe, Ujerumani, hata vyuma vya kubana kwenye ufa haviruhusiwi. Watu huziba ufa kwa fundo la kamba na kupanda hivyo hivyo. Na mwamba ukilowa hawapandi, maana jiwe la mchanga likinywa maji linalegea.

Bolti hukaa pale baada ya aliyeiweka kuondoka. Mwaka 1970 mpandaji Cesare Maestri alipanda mlima Cerro Torre, kule Patagonia, Amerika Kusini, akiwa na kompresa, mashine ya hewa ya kuendeshea drili, akapiga bolti karibu 400. Mwaka 2012 vijana wawili wakang'oa zaidi ya 100, na dunia ya wapandaji ikagawanyika, wengine wakiwapongeza, wengine wakiwaita waharibifu. Miaka 42 baadaye! Ukipata jabali jipya, upande ufa ulio wazi, ushuke, uondoke. Hapo hata siri haina haja.

Bolti Kumi: Na ukuta usio na ufa, mzee? Tuuache tu?

Mzee wa Nyufa: Ndiyo. Uache.

Msoma Miti: Mimi si mpandaji, nasoma mimea ya majabali, kwa hiyo mnisamehe nikiingilia. Neno wapandaji mnalolipenda, "kusafisha njia", yaani kuondoa mimea na mawe yaliyolegea ukutani, linanitia hofu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Doug Larson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichunguza mierezi iliyodumaa kwenye kuta za Niagara Escarpment. Miti ile ni mifupi, imejipinda, ukiitazama unadhani ni kichaka. Baadhi ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Ilidumu kwa sababu moto na shoka havikuifikia. Anayening'inia na msumeno mdogo akikata "kichaka" kinachomziba mkono anaweza kumaliza karne kumi kwa dakika moja, na kwenye jabali la siri hakuna hata wa kumwuliza.

Ndege nao ni hivyo hivyo. Mkiona michirizi myeupe ya kinyesi chini ya kishubaka, huenda kipanga anaatamia hapo. Sehemu nyingi hufunga kuta kama hizo msimu wa kuzaliana na kuzifungua makinda yakiruka. Lakini haufungwi ukuta usiojulikana.

Kamba Fupi: Mimi kinachonikera ni kile kitambaa chekundu kwenye bolti ya kwanza, maana yake "huu mradi wangu, msiguse". Mtu hawezi kuipanda njia hiyo, hataki mwingine aipande, na mlima si wake.

Mleta mada: Bolti Kumi, sijasema uombe ruhusa ya kutazama. Tembea, gonga, piga picha, hata teremka kwa kamba kutoka juu. Mpaka hapo hujaharibu kitu. Naweka mpaka kwenye tundu la kwanza na tawi la kwanza. Mzee wa Nyufa, wewe kweli huhitaji drili, ila njia ya miguu utaifungua tu, na wengine wataifuata mpaka iwe korongo.

Bolti Kumi: Mpaka huo nauona. Msimu wa ndege nakubali, na miti sikati bila kumwonyesha anayeijua. Kusubiri barua isiyojibiwa ndiko nisikokubali. Weka kikomo cha siku.

Mleta mada: Miezi mitatu?

Msoma Miti: Mitatu haitoshi kuona msimu mzima wa kuzaliana. Mwaka.

Bolti Kumi: Mwaka! Basi narudi kwenye siri yangu.